Glasi ya Eraldo

17 Septemba

Tumeanza kuvuna zabibu za upande wa chini, zile za kujaribia vikapu. Nebbiolo, zabibu zetu za divai bora, bado. Teresio anakwenda kuzitazama asubuhi na jioni kama mtu mwenye mgonjwa ndani, anarudi na mbegu mdomoni. Mume wangu akiwa na wasiwasi hutafuna mbegu.

Fiorenzo alipita kunikumbusha kwamba vikao vya kuonja divai vinaanza Jumamosi ijayo. Tangu tumzike Eraldo mwenyekiti wetu mwezi uliopita, Fiorenzo ndiye anayeongoza, na ualimu wake wa zamani umemrudia wote. Alinikumbusha nisipake manukato, nisile kitunguu saumu Ijumaa, nisinywe kahawa asubuhi. Nimekuwa mwonjaji tangu yeye hajaota mvi! Nikamjibu, "Ndiyo, mwalimu," akaondoka ameridhika.

19 Septemba

Mvua. Teresio hataki niandike neno hilo, kwa hiyo naliandika mara moja tu.

24 Septemba

Kikao cha kwanza. Tuko kwenye chumba kile kile juu ya ghala la ushirika, meza ile ile nyeupe, chupa zimevishwa soksi alizofuma mwonjaji mwenzangu Clelia ili tusijue ni za nani. Kiti cha Eraldo kipo. Hiyo ndiyo desturi yetu: mwonjaji akifa, kiti chake kinabaki na glasi yake inamiminiwa mpaka sikukuu ya Mtakatifu Martino, Novemba. Yeye humiminiwa wa kwanza. Hakuna anayeigusa glasi ile wala kuinusa, na kikao kikiisha Fiorenzo huimwaga kwenye mzabibu ulio mlangoni. Martino akipita, anakaa mtu mwingine.

Fiorenzo aliniketisha pembeni ya kiti kile. Clelia alikuwa amekataa.

"Kaa wewe, shoga," aliniambia. "Mimi upande ule unanipulizia upepo shingoni."

"Upepo gani? Madirisha yamefungwa."

"Basi ndiyo maana sitaki."

Sasa niandike lile lililonitoa jasho. Divai ya nne ilikuwa nzuri: rangi ya tofali iliyoanza kuingia pembezoni, waridi lililokauka, lami, ukakasi uliolainika. Lakini nilikuwa na shaka kidogo, na mwonjaji akiwa na shaka hunusa glasi ya jirani, maana huenda kosa ni la glasi yake. Mimi na Eraldo tulibadilishana glasi miaka mingi bila kutazamana. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nilikuwa nimeshaingiza pua ndipo nikakumbuka jirani yangu ni nani.

Siki. Siki kali ya kutoa machozi, kutoka chupa ile ile iliyonimiminia waridi. Na mdomo wa glasi ulikuwa na ukungu, kama mtu amehema ndani yake.

Niliirudisha. Hakuna aliyeniona ila Clelia, naye akainamia ndoo ya kutemea. Wote wakaipa alama za juu. Soksi ilipovuliwa, kumbe ni divai ya Severino, ile anayomtengenezea mwenye shamba wa Torino. Severino alikuwa mlangoni na wenye chupa wengine, akacheka mpaka masikio.

25 Septemba

Nimemwambia Teresio. "Ulikula nini Ijumaa?" ndilo jibu lake.

1 Oktoba

Nebbiolo, hatimaye. Mgongo hauna habari nzuri.

4 Oktoba

Tumevuna mpaka giza likatufukuza. Ukungu hauondoki tena bondeni kabla ya saa sita mchana. Unasikia watu wakiongea mstari wa pili wa mizabibu na huwaoni, unaona ndoo tu ikiinuliwa.

6 Oktoba

Severino amepatwa. Mapipa yake mawili makubwa nyumbani, kazi ya miaka minne, yamegeuka siki yote mawili. Nilikwenda kumpa pole. Alinipa nionje, nikajua kabla glasi haijanifikia. Ndiyo ile. Si siki yoyote, ni ile ile, na mwisho wake wenye ladha ya shaba.

Jambo linalonikera ni hili. Divai tuliyoionja ilikuwa ya mwenye shamba wa Torino, na ya mwenye shamba haina neno, nimeionja pipani leo hii. Iliyoharibika ni ya Severino mwenyewe. Kilichonukia kwenye glasi hakikulifuata jina lililo kwenye karatasi ya chupa, kilifuata mkono ulioitengeneza.

Severino alikuwa anafuta pipa kwa kitambaa, kana kwamba ni vumbi. Nilimhurumia, na nilijionea haya, kwa sababu nilijua nikanyamaza. Ila ningemwambia nini?

8 Oktoba

Kikao cha pili. Nilikuwa nimeapa sitaigusa glasi ile. Nilikaa nimeikalia mikono yangu kama mtoto wa shule, Fiorenzo akaniuliza kama naumwa.

Divai ya pili ilikuja, bado changa kwa umri wa vikao vyetu, safi, cheri na ganda la chungwa. Eraldo alikuwa amemiminiwa kwanza. Sikuinama. Nilivuta pumzi tu, hata mtu aliyeapa lazima avute pumzi, na kutoka upande wa kiti kile ukanijia moshi. Si ule moshi mtamu wa mapipa yaliyochomwa ndani. Ni moshi wa nyasi kavu na rangi ya kupaka mbao na manyoya.

Nikageuka. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka nusu ya glasi.

Ikavuliwa soksi: Luigina, yule anayelima peke yake nyuma ya kilima tangu baba yake afe. Safari hii sikunyamaza. Nilimshika mkono ngazini.

"Luigina, mwanangu, kagua nyaya za umeme ghalani. Kagua jiko. Kagua kila kitu."

"Kwa nini, bibi? Divai ina nini?"

"Divai yako haina kitu, ni nzuri sana. Kagua tu, nifanyie hisani."

Alinitazama kama anavyotazamwa kikongwe anayeanza kupotewa na akili, kwa upole mwingi. Nilimchukia kidogo kwa upole ule.

13 Oktoba

Ghala la Luigina limeungua mchana kweupe. Nyaya alizikagua, masikini, hata fundi alimwita. Moto ulianzia kwenye nyasi, hakuna anayejua vipi. Mbuzi wawili wamekufa. Yeye ameungua viganja akijaribu kuwatoa. Ukungu na moshi vimechanganyika na vimekaa juu yetu tangu saa nane, na huwezi kujua kipi ni kipi mpaka ukohoe.

14 Oktoba

Nimekwenda kwa Clelia, maana nisingemwambia mtu ningepasuka. Alikuwa anamenya vitunguu saumu vya kupikia na dagaa wa chumvi, rundo zima, na hakuacha kumenya.

"Nilikuona siku ile ya kwanza," alisema. "Nikasema moyoni, ameshaharibu."

"Kwa hiyo ni mimi niliyeleta?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema nimeharibu."

"Shoga, mimi najua tunavyofanya, sijui kwa nini tunafanya. Mama yangu alikuwa mwonjaji kwenye kiti ninachokalia mimi kikaoni. Alinifundisha usinuse glasi ya marehemu. Nikauliza kwa nini, akanipiga kofi. Basi, elimu yangu imeishia hapo."

"Severino na Luigina wangepatwa hata kama nisingenusa?"

Clelia aliweka kisu chini. "Labda. Labda Eraldo anaonja tu kama alivyokuwa akionja, na anachokigundua ndicho kilichomo mle. Wewe ulitaka kifo kimgeuze awe mpole? Hajawahi kumficha mtu kosa la divai yake."

"Na mimi nifanye nini?"

"Kuwa na mafua," alisema, akarudi kumenya.

20 Oktoba

Zabibu zinachemka vizuri mapipani, zinageuka divai. Teresio anaimba. Anaimba vibaya.

22 Oktoba

Fiorenzo ametangaza kikao cha mwisho, cha divai kongwe. Kila nyumba inaleta chupa moja, mwaka wake bora. Zitakuwa nyingi, kwa hiyo tutaonja Jumamosi mbili, na soksi hazitavuliwa hata moja mpaka ile ya pili.

Nilimuuliza Teresio tunapeleka ipi. Akasema, "Wewe ni hakimu, hakimu haulizi." Nikamwomba tusipeleke. Akaacha kuimba.

"Kwa ajili ya glasi?"

"Kwa ajili ya glasi."

"Mke wangu, Eraldo alikuwa rafiki yangu tangu tunaiba tufaha. Akitaka kuniambia kitu ataniambia mwenyewe." Chupa aliipeleka leo leo, imefunikwa kwa koti, nisiione.

29 Oktoba

Ningeweza kujifanya mgonjwa. Clelia alinitazama mlangoni akitumaini nina leso. Lakini nilifikiri hivi: kama ni siki, tutamwaga. Kama ni moto, nitajaza maji kila ndoo nyumbani. Nilitaka kujua. Mtu aliyeishi kwa pua yake hawezi kuambiwa aizibe siku ambayo ina kazi ya kweli.

Divai ya tano. Nilijua ni ya nyumbani kwetu kabla sijainua glasi vizuri, kama unavyojua hatua za mtu wako kwenye ngazi. Ule mteremko wetu una mnanaa ndani yake na kutu kidogo, hakuna mwingine wenye hivyo. Sikuweza kutambua mwaka. Ilikuwa imekomaa kabisa, rangi ya ganda la kitunguu, na imetulia. Mungu wangu, ilikuwa nzuri. Niliisogeza glasi yangu mbele bila kuandika alama, maana ndivyo afanyavyo mwonjaji akiitambua divai yake, na Fiorenzo akatikisa kichwa kuafiki.

Kisha nikainama kwa Eraldo. Kwa makusudi, mbele ya wote. Nikasikia mtu akivuta pumzi.

Glasi ilikuwa nyeupe yote kwa ukungu, na divai ndani ilikuwa imepungua. Ilinukia udongo uliochimbwa sasa hivi. Nta. Na yale maua ya Novemba, maua tunayowapelekea marehemu peke yao, ambayo hakuna mwanamke wa huku anayekubali kupewa.

Nilikaa wima. Fiorenzo alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Bi Delfina, tuendelee?"

Nikasema tuendelee. Divai nyingine zote zilikuwa na ladha ya maji.

30 Oktoba

Mkono ulioitengeneza ni wa Teresio. Nimeandika, sasa nimeiona imeandikwa. Haikunisaidia kitu.

31 Oktoba

Nimeficha ufunguo wa trekta. Miteremko yetu imeua wanaume wenye akili kuliko yeye. Ngazi nimeifungia ghalani. Uyoga aliopewa na jirani nimewatupia kuku, kisha nikawaonea huruma kuku. Kwenye chumba cha mapipa hashuki bila mimi kutangulia na mshumaa, maana gesi ya divai inayochemka hulaza mtu chini bila kelele, na mshumaa ukizimika tunarudi.

Anadhani nina wazimu. Ana haki.

2 Novemba

Siku ya Marehemu. Tulikwenda makaburini na watu wote, ukungu mzito, tunatambuana kwa vikohozi. Nta, udongo, maua yale. Nilisimama katikati ya harufu ya ile glasi, mume wangu pembeni akifunga kamba ya kiatu juu ya kaburi la wazazi wake, nami nikamshika bega kwa nguvu. Nilimwambia ni baridi.

Kaburi la Eraldo bado halijawekewa jiwe. Nilimwambia kimoyomoyo, mchukue nani sijui, mchukue Fiorenzo. Kisha nikamwomba Fiorenzo msamaha, alikuwa amesimama pale pale na kofia mkononi.

3 Novemba

Tumegombana. Alipata ufunguo wa trekta kwenye gudulia la mchele.

"Unanichunga kama mbuzi!" alipiga kelele. "Ngazi imefungiwa, uyoga umetupwa, nikienda msalani unasimama nje. Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi."

"Nina miaka sabini na moja, Delfina. Nitakufa, ndiyo. Sitaki nife nikiwa nimekaa jikoni nimevaa skafu!"

Nikalia. Miaka yote ya ndoa hajawahi kujua afanye nini nikilia, hupapasa mifuko kana kwamba dawa iko mle. Alipapasa mifuko. Kisha akaurudisha ufunguo kwenye mchele, mwenyewe, akakaa jikoni na skafu mpaka chakula cha jioni.

Nampenda mtu huyu. Sijui kama nimewahi kuliandika.

4 Novemba

Amekohoa mara kadhaa. Ni vumbi.

5 Novemba

Tulionja zilizobaki. Kiti cha Eraldo sikukigeukia, nilikuwa nimekwisha kupewa langu. Halafu wenye chupa wakaingia, wanaume wakinukia sabuni, Luigina na viganja vyake vimefungwa bendeji, Severino nyuma kabisa. Teresio alikuwa amevaa koti la harusi za watu. Alisimama karibu na mlango, na alikuwa na sura ya mtoto aliyeficha kitu nyuma ya mgongo.

Fiorenzo alivua soksi moja moja na kusoma alama. Ile ya tano ya Jumamosi iliyopita ilizishinda zote, hata zile za miaka iliyosifiwa vitabuni. Akavua soksi.

Karatasi ya chupa ilikuwa na mwandiko wangu. Elfu moja mia tisa themanini na tano.

Mwaka ule Teresio alianguka kutoka dari ya ghala, akavunjika nyonga, akalala hospitalini mjini Alba kuanzia mavuno mpaka Krismasi. Nilivuna mimi. Nilikanyaga, nikachuja, nikajaza mapipa kila wiki na kulala kwenye gunia karibu nayo, mwanamke peke yake, majirani wakipita kutazama nitaharibu lini. Hakuna mkono mwingine uliogusa divai ile. Na yeye aliporudi na magongo yake aliionja, akasema, "Si mbaya, kwa divai ya dharura." Tangu hapo hilo ndilo jina lake. Divai ya Dharura. Kila mgeni ameusikia utani huo.

"Sasa wote mko hapa," Teresio alisema kutoka mlangoni, na sauti yake ilikuwa inamtoroka, "niseme mara moja, sitarudia. Hii ni bora kuliko zote nilizotengeneza mimi. Nilijua siku ile ile niliyoionja. Nilikuwa naona aibu."

"Miaka yote hii?" Clelia alimkemea. "Pumbavu wewe!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nami nilicheka. Niandike ukweli ulivyokuja: kwanza nilifurahi. Si kwa alama. Nilifurahi kwamba si yeye. Furaha ilinijaa kifuani nikataka kumkimbilia, na nilikuwa nimeshainuka kwenye kiti ndipo nikaelewa ni nani basi.

Clelia alikuwa ameelewa kabla yangu. Alikuwa ameacha kucheka na mkono wake uko mdomoni. Nilimtikisia kichwa asiseme. Teresio alikuja kunibusu mbele ya kijiji kizima, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi, na shavu lake lilikuwa na baridi ya nje na harufu ya sabuni. Nilimshikilia. Alidhani ni kwa ajili ya ushindi.

6 Novemba

Nimemrudishia ufunguo wa trekta. Amekwenda nao mbio kabla sijabadili nia.

8 Novemba

Clelia amekuja na supu, mimi nikiwa mzima. Tulikaa. Alisema labda safari hii glasi imekosea. Nikamuuliza kama Eraldo alikosea hata mara moja. Akasema mara moja, mwaka fulani, kuhusu divai ya mjomba wake. Tukacheka sana, kuliko ilivyostahili. Nilimwapisha asimwambie Teresio. Aliapa, na safari hii naamini, kwa sababu alilia kwanza.

9 Novemba

Ninaogopa. Asubuhi zaidi. Halafu kuna kazi.

11 Novemba

Mtakatifu Martino. Jua limetoka, ukungu umebaki chini bondeni. Severino ameketishwa kwenye kiti cha Eraldo. Glasi imeoshwa, imewekwa kabatini na nyingine, na nilipotazama tena sikuweza kujua ni ipi.

Nilirudi nikamwita Teresio jikoni, nikamvisha aproni.

"Leo ugali wa njano unapika wewe."

"Mimi? Kwa nini?"

"Kwa sababu hujui. Chumvi iko wapi?"

Akafungua kabati la vyombo. Akafungua la unga. Akafungua droo ya uma. Miaka arobaini na minne amekula chumvi ya nyumba hii.

"Ipo hapa," nikamwonyesha. "Juu ya jiko, upande wa kulia, ndani ya kopo la bluu. Kahawa pembeni yake. Vitambaa vya kukaushia chini. Shati zako za Jumapili ziko chumba cha nyuma, na ile ya kijivu usiifue kwa maji ya moto. Sema tena."

"Kopo la bluu. Kulia. Unasafiri?"

Maji yalikuwa yamechemka. Alikuwa amesimama na mwiko ameushika kama jembe, ananitazama, na alikuwa ameacha kutabasamu.

"Siendi popote," nikamwambia. "Mwaga unga kidogo kidogo. Koroga, na usiache kukoroga hata mkono ukichoka."

Akakoroga.